"Sorry" ya Kiingereza: lini ni pole, lini ni samahani

Mfanyakazi mwenzako anajikwaa kwenye ngazi za ofisi na chai inamwagikia viatu. Wewe uko nyuma yake hatua tatu, hata hukumgusa, lakini neno linakutoka lenyewe: "Sorry!" Kama ofisi iko Nairobi, Kampala au Arusha, atajibu "asante" na kila mtu ataendelea na kazi yake. Kama iko Leeds au Chicago, huenda akakutazama kidogo kisha akasema "It's not your fault." Hajakukemea. Amesikia samahani, ilhali wewe ulimpa pole.

Kiswahili kimeigawa kazi hii vizuri. Pole humwendea aliyepatwa na jambo, awe nani aliyelisababisha. Samahani hutoka kwa aliyekosa, au kwa anayetaka kukatiza mazungumzo ya watu. Kiingereza kimelitwika neno moja mizigo yote miwili, na kinachomwonyesha msikilizaji ni mzigo upi uliobeba ni mkia wa sentensi, yaani maneno yanayofuata. Likikosa mkia, sikio la Mwingereza au Mmarekani huegemea upande wa kosa. Kwa hiyo unapotaka kutoa pole, usiliache neno hilo peke yake. Kwa aliyemwagikiwa chai sema "Oh no, are you all right?" Kwa aliyepiga chafya, "Bless you."

Kabla ya kufika kwenye mikia, tulipange neno mahali pake. "Sorry" ni kivumishi, ndugu wa "tired" na "hungry", ndiyo maana linataka "I am" mbele yake. Pole yetu hupewa, hupokewa, hutumwa, hata huwa nyingi. "Sorry" haifanyi hayo. "I give you sorry", "Accept my sorry" na "Many sorries" ni Kiswahili kilichovaa suti. Ukihitaji nomino, ziko mbili na hazibadilishani nafasi: "my apologies" ni kuomba radhi, "my condolences" ni rambirambi. Kukoleza, tumia "so", "very" au "really". "Too sorry" iache, maana "too" huingiza wazo la kupita kiasi. Mahali ambapo neno hili hujifanya nomino ni "say sorry", kama mzazi anapomwambia mtoto "Say sorry to your sister."

Mkia ulio salama kuliko yote kwa pole ni "to hear". Ukisema "I'm sorry to hear that", hakuna atakayedhani unakiri kosa. Umesikia habari na imekugusa. Mtu ameibiwa simu, amefeli mtihani, mtoto wake ana homa: sentensi hiyo inatosha. Kwa mgonjwa ongeza "I hope you feel better soon." Ukiandika siku kadhaa baadaye, rudisha kitenzi nyuma: "I was sorry to hear about the accident."

"About" inafanya kazi pande zote mbili, na jambo lenyewe ndilo huamua. "Sorry about the noise" kutoka kwa mwenye redio ni samahani. "Sorry about your father" kwa mfiwa ni pole. Utata huja pale jambo linapoweza kuwa lako: ukisema "Sorry about your car" nawe umesimama karibu na gari lililokwaruzwa, usishangae ukiulizwa bima yako. Hapo sema "Sorry to hear what happened to your car."

Mwiba uko kwenye "for". Ikifuatwa na kitendo chako ni samahani: "Sorry for shouting." Ikifuatwa na msiba ni pole: "I'm sorry for your loss." Lakini ikifuatwa na mtu, maana inageuka kuwa kumwonea huruma: "I feel sorry for him", yaani namhurumia. Sasa Mswahili anayetaka kusema "nakupa pole" hutafsiri neno kwa neno na kupata "I am sorry for you". Anayeambiwa husikia "masikini wewe", tena kwa sauti ya mtu anayemtazama kutoka juu. Wenye lugha yao huitoa sentensi hiyo hasa wakiwa kwenye ugomvi. Kati ya makosa yote ya neno hili, anza kuliondoa hili. Mengine huchekesha tu, hili humuumiza mtu uliyetaka kumfariji.

Kwenye msiba wa mtu usiyemjua sana, "I'm so sorry for your loss" inatosha, kwa mdomo, kwa kadi au kwa ujumbe wa simu. Sisi tumezoea kuendelea: poleni sana, ni kazi ya Mungu, tuko pamoja. Kwa Kiingereza, hasa kama hujui imani ya mfiwa, ufupi ndio heshima. Ukimfahamu marehemu, mtaje kwa jina: "I was so sorry to hear about Margaret." Jina hilo lina uzito kuliko aya nzima ya maneno mazuri.

Kuna pole ambazo Kiingereza hakina kabisa. "Pole na kazi" ukiifanya "Sorry for work", mtu atajiuliza kazi imekukosea nini. Nafasi yake huchukuliwa na swali au neno la kutambua jitihada: "Busy day?" au "You've done a lot!" Kwa aliyetoka safarini, "How was the journey? You must be tired." Usilazimishe "sorry" iingie hapo. Ni pengo la Kiingereza, na mimi hulihesabu kuwa umaskini wao kidogo.

Tuje upande wa samahani, ambako makosa mengi ni ya sarufi. "Sorry for late" haisimami kwa sababu "for" inataka nomino au kitenzi chenye "-ing", na "late" ni kivumishi. Sema "Sorry I'm late" au "Sorry for being late". Ya kwanza ndiyo utakayoisikia zaidi midomoni mwa watu. "Sorry for late reply" inahitaji neno moja tu ili ikae sawa: "Sorry for the late reply." Unapotaka kumkatiza mtu, "Sorry to bother you" hutangulia ombi; ukishamaliza na unaondoka, inakuwa "Sorry to have bothered you." Kwenye tangazo au barua rasmi, neno lenyewe hubadilika: "We apologise for any inconvenience." Matangazo mengi ya huku kwetu huandika "inconveniences", lakini kwa kawaida neno hilo hubaki katika umoja hata kama waliosumbuliwa ni mji mzima. Wamarekani huandika "apologize" kwa z.

Kisha kuna "sorry" ya kukataa, ambayo haina toba ndani yake. "Sorry, we're closed" maana yake duka limefungwa na halitafunguliwa kwa ajili yako. Ukisikia "I'm sorry, but", jiandae: kinachokuja baada ya "but" ndicho ujumbe. Barua za kazi hutumia "We regret to inform you" kwa shughuli hiyo hiyo, na hapa inafaa kutua kidogo, maana tofauti ya "regret" na "sorry" imewahi kuhesabiwa kwa miaka.

Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama bungeni London kuzungumzia mateso waliyofanyiwa Wakenya wakati wa vita vya Mau Mau. Fidia ilikuwa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Kitenzi alichokichagua kilikuwa "regrets". Mfalme Charles alipokuwa Nairobi tarehe 31 Oktoba 2023, alisema "the greatest sorrow and the deepest regret". Maneno mazito, lakini waliokuwa wakisubiri kusikia kuombwa radhi hawakuombwa. "Regret" husema jambo linasikitisha bila kusema nani alilitenda. Na "sorrow" isikudanganye kwa sura: ni huzuni, na hata kwa asili si ukoo mmoja na "sorry", ambayo inatokana na neno la kale la maumivu, lile lililozaa "sore" ya leo.

Australia walipita njia hiyo hiyo. Agosti 1999, serikali ikiwa ya John Howard, bunge lilipitisha hoja yenye maneno "deep and sincere regret" kwa wenyeji asilia wa nchi hiyo. "Sorry" kwa watoto walionyang'anywa wazazi wao ilitamkwa bungeni na Waziri Mkuu Kevin Rudd tarehe 13 Februari 2008, miaka minane na nusu baadaye.

Kwa mtu wa kawaida, woga huo wa kukiri kosa hukutana naye barabarani na kazini. Waswahili wanaofanya kazi za uuguzi au udereva ughaibuni huulizana kama kusema "sorry" kunaweza kuwaponza. Kwa Uingereza na Wales, sheria ya fidia ya mwaka 2006 inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Canada, lilitunga sheria yake ya kuomba radhi mwaka 2009 kwa lengo kama hilo. Si kila mahali pana kinga hiyo, na kampuni za bima kwa kawaida hutaka mteja asikiri kosa papo hapo. Baada ya ajali, anza na "Are you hurt?" Ukitaka kutoa pole, "I'm so sorry this happened" inabeba utu wako wote. Sentensi ya kuizuia mdomoni ni ile inayoanza "Sorry, I was", kwa sababu baada ya "was" huja maelezo: nilikuwa kwenye simu, nilikuwa nimechoka.

Sauti nayo hubadilisha maana. "Sorry?" ikipanda mwishoni ni "unasemaje?", na ni ya adabu kuliko "What?" Wamarekani hutumia pia "Excuse me?", lakini ikitamkwa kwa ukali ina maana ya "umesema nini wewe?" Ikiwekwa katikati ya sentensi, "sorry" hurekebisha kauli: "The bus leaves at ten, sorry, eleven." Anayezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili, akasema "four" akimaanisha saa nne ambayo kwao ni "ten", atalihitaji sana neno hilo. Matamshi yetu ya "sori" yanaeleweka kote. Mmarekani ukimsikia anasema kitu kama "sari", hazungumzii vazi.

Neno likitangulia nomino, sahau pole na samahani zote. "A sorry state" ni hali ya kusikitisha, na "a sorry man" si mtu aliyetubu bali mtu duni. Aliyetubu ni "a man who is sorry". "You'll be sorry" ni tishio, utajuta. "Better safe than sorry" ndiyo tahadhari kabla ya hatari.

Limebaki jibu. Ukipewa pole, jibu "Thank you", kama kwetu. Ukiombwa samahani kwa jambo dogo, jibu ni "That's all right" au "No worries". Ukijibu "Thank you" hapo, unamwambia kwamba kweli alikukosea na ulikuwa unamsubiri aseme. Na yule wa chai kwenye ngazi, akikuambia "It's not your fault", usianze kumfundisha Kiswahili. Sema "I know, but are you OK?" kisha mtafutie karatasi za kufutia viatu.