Unga wa alumina kwa mwako wa urea: kwa nini vidonge vinanyonya maji

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umepika nitrati ya alumini na urea, ukapata povu jeupe la alumina, yaani oksidi ya alumini, ukalisaga kidogo kwenye kinu, ukashindilia vidonge na kuvichoma nyuzi 1550 za Selsiasi. Vimetoka vyepesi, vina nyufa, na ukivitia maji vinanyonya kama kigae cha mtungi. Sasa unashuku tanuri linadanganya kipimo. Na mimi nilishuku hivyo hivyo. Nilibadilisha kipimajoto mara mbili kabla sijaelewa kwamba tanuri lilikuwa zima siku zote. Tatizo lilikuwa kwenye unga.

Kwa wanaosoma bila kujua tunazungumzia nini: huu ni usanisi kwa mwako. Kingsley na Patil wa Bangalore, India, waliutangaza mwaka 1988. Unayeyusha nitrati ya alumini na urea kwenye maji kidogo, unaingiza bakuli kwenye tanuri lililokwisha kushika nyuzi 500. Maji yanachemka, uji unakuwa mzito, unavimba, halafu unawaka wenyewe kwa ndimi za moto zinazozidi nyuzi 1300. Ndani ya dakika kama tano kazi imekwisha. Kila moli moja ya alumina (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabu chembe) inayozaliwa hapo inafukuza moli 23 za gesi, na hapo hujahesabu maji yaliyokuwa ndani ya fuwele za nitrati. Gesi hizo ndizo zinazokuachia povu. Kusinta kunakuja baadaye: unaoka unga ulioshindiliwa mpaka chembe zishikane na matundu yafungane, bila kitu kuyeyuka. Alumina yenyewe haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2000.

Nianze na mizani, maana hapo ndipo Dar ilipoanza kunionea. Hesabu ya kitabuni inasema moli moja ya nitrati inataka moli 2.5 za urea, yaani gramu 20 kwa gramu 8. Nilipima hivyo kwa uaminifu kabisa. Ilikuwa masika, na kopo langu la nitrati lilikuwa limefunguliwa wiki tatu kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Fuwele zilikuwa zimeshikana bonge moja linalong'aa kwa unyevu. Kumbe katika gramu 20 nilizokuwa napima, sehemu ilikuwa maji ya hewani. Urea ikawa inazidi, na povu likawa linatoka na madoa ya kijivu. Ule ni mkaa.

Dawa yake ni rahisi. Chukua gramu chache za nitrati yako, zichome peke yake polepole mpaka nyuzi 1000, kisha pima kilichobaki. Nitrati iliyo sawa inaacha asilimia 13.6 ya uzito wake kama alumina. Yangu iliacha 12.7. Maana yake gramu 20 zangu zilistahili gramu 7.5 za urea, si 8. Tangu hapo kila kopo ninalofungua nalipima hivyo kwanza, na tarehe naiandika kwenye kifuniko. Urea ya mbolea ya madukani achana nayo, kwa sababu punje zake huwa zimetiwa vitu vya kuzizuia zisigandamane. Tumia ya maabara.

Ukipunguza urea sana nako kuna hasara yake. Urea ndiyo fueli, hivyo moto unapoa, na alumina inayotoka haijafika umbo la alfa, lile thabiti la fuwele zake; inabaki gama, umbo lisilo thabiti, au haina mpangilio wa fuwele kabisa. Unga huo unadanganya, maana ni laini na mweupe kuliko ule mzuri. Ukiushindilia ukauchoma, ndani ya tanuri unageuka kuwa alfa, unasinyaa ghafla, na unaacha matundu marefu kama njia za mchwa ambayo nyuzi 1550 haziyafungi. Nyufa ulizoeleza zinanipa shaka hiyo. Mtafute mtu mwenye mashine ya eksirei ya kusoma fuwele akupimie kijiko kimoja. Ikiwa ni gama, uchome unga wenyewe nyuzi 1200 kabla ya kuushindilia. Glisini (asidi amino) badala ya urea mara nyingi inaleta hali hiyo hiyo kwa alumina, ingawa kwa oksidi nyingine ni fueli nzuri sana.

Sasa kinu. Hapa ndipo nakuomba unisikilize. Umesema umesaga kidogo. Povu lile ukiligusa linavunjika kama andazi kavu, unadhani umepata unga. Ukweli ni kwamba kila punje unayoiona bado ni kichuguu cha chembe zilizoshikana kwa joto la ule mwako. Kwenye kidonge, kila kichuguu kinasinyaa kivyake na kuvuta majirani, na pengo linabaki katikati. Mimi nilienda kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, akanichomelea fremu yenye roli mbili na mota ya mashine ya kufulia. Juu ya roli naweka chupa nene ya plastiki yenye gololi za zirkonia (kauri ngumu sana), unga wangu na spiriti safi. Inazunguka saa 24. Kabla ya hapo nachoma povu nyuzi 800 kwa saa moja hewani ili mkaa uishe. Baada ya kusaga nakausha, natia gundi ya PVA asilimia 1, napitisha kwenye chekecheo la matundu madogo, ndipo nashindilia. Kwa kalibu ya milimita 13, jeki inayosukuma tani 1.35 inakupa megapaskali 100, na hiyo inatosha.

Kuna jambo moja linalonifanya niipende njia hii kuliko kununua unga tayari. Robert Coble wa General Electric alionyesha miaka ya 1950 kwamba magnesia (oksidi ya magnesi) kidogo sana inaisaidia alumina kufunga matundu yake. Sisi hatuna haja ya kuhangaika kuichanganya, kwa sababu nitrati yake inayeyuka ndani ya maji yale yale. Bakuli la gramu 20 linatoa alumina gramu 2.7. Tia miligramu 43 za nitrati ya magnesi yenye molekuli sita za maji ndani ya fuwele, na umepata asilimia 0.25 ya magnesia iliyoenea kila mahali.

Kuchoma: panda nyuzi 2 kwa dakika mpaka 600 ili gundi itoke taratibu, halafu 5 kwa dakika mpaka 1550, ukae saa tatu. Umeme ukikatika katikati ya safari, usifungue mlango. Liache tanuri lipoe lenyewe.

Mwenzetu aliyeuliza kama njia hii inatoa metali tupu: inawezekana kwa nikeli na shaba, ukizidisha glisini ili gesi zinazotoka zinyang'anye oksijeni. Lakini unga wa nikeli ukitoka moto ukakutana na hewa, unarudi kuwa oksidi au unawaka, hivyo unataka naitrojeni mpaka upoe. Vumbi lake linaweza kuleta saratani. Usijaribu bila kabati la kuvuta moshi. Ya Merzhanov na Borovinskaya, Urusi, mwaka 1967, ni njia nyingine: poda kavu kama titani na kaboni zinawashwa upande mmoja, moto unatembea wenyewe hadi mwisho.

Na wewe mkuu, usipike nyumbani. Moshi wa kahawia unaouona ni oksidi za naitrojeni, unaweza kujihisi mzima jioni na mapafu yakajaa maji usiku. Bakuli liwe la mililita 300 kwa gramu 20, wazi juu, na usizidishe kipimo ili umalize haraka. Nitrati nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kidonge changu cha kwanza kilikuwa gramu 2.00 kikavu, 2.23 kikiwa kimelowa, 1.50 kikining'inia ndani ya maji. Toa 1.50 kwenye 2.23 upate 0.73, kisha gawanya 2.00 kwa 0.73 upate msongamano wa 2.74, ambao ni asilimia 69 ya 3.98, msongamano wa alumina isiyo na matundu. Cha baada ya gololi na magnesia kilikuwa 2.00, 2.02 na 1.50, yaani 3.85, karibu asilimia 97. Chemsha chako saa mbili kwenye maji, kipime hivyo mara tatu, kisha weka namba zako hapa tuzisome pamoja. Taja pia kopo lako la nitrati lilifunguliwa lini.