Sola na mashamba yetu: majibu kwa wasomaji wa Dodoma na Singida

Tangu ujenzi wa mradi wa umeme wa jua uanze Kishapu, mkoani Shinyanga (megawati 150 kwa awamu, 50 zikitangulia), wasomaji wa Kanda ya Kati wananiuliza habari za sola kuliko habari za mbegu na mbolea. Umeme huu tunauhitaji na ninautaka uje. Ila nataka mwenye shamba ajue anatoa nini kabla hajashika kalamu.

Mbukwenyi! Kuna watu wanapita kijijini kwetu wanapima, wanasema ni mambo ya sola. Kwa nini huku kwetu kukavu na si kwenye ardhi nzuri? (Msomaji, Bahi)

Mbukwenyi. Ukavu ndio wanaoutafuta. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mwaka wote haizidi sana milimita 600, kwa hiyo siku za mawingu ni chache. Ardhi nayo ni tambarare. Lakini kilicho kikubwa zaidi ni ile laini ya msongo wa kilovolti 400 inayotoka Iringa, inapita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670. Umeme wa shamba la sola lazima ufikishwe kwenye kituo cha kupozea umeme, kama kile cha Zuzu, Dodoma, na kila kilomita ya nguzo ni gharama ya mwekezaji. Shamba lililo karibu na laini lina thamani ambayo dalali anaijua, na mwenye shamba mara nyingi haijui.

Dalali ameniletea karatasi nisaini kwa ekari zangu 12, na kishika uchumba juu. Nisaini? (Msomaji, Chamwino)

Usisaini, kaka. Picha ya karatasi uliyonitumia nimeisoma yote. Ni Kiingereza kitupu. Kampuni ina jina lakini haina anwani. Pale pa kuandika idadi ya ekari pameachwa wazi, ila pa kuweka sahihi yako pamewekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Ukisaini leo, kesho mtu anajaza ekari anazotaka. Halafu kuna kipengele kinachosema kwa miaka mitatu huruhusiwi kumpa mtu mwingine shamba hilo, wakati wao wanaweza kujitoa siku yoyote. Kishika uchumba hicho kinakufunga wewe peke yako.

Tena mtu wa nje hakodi ardhi ya kijiji kwa kuelewana na mwenye shamba tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji ihusike, na eneo likizidi hekta 30 au muda ukizidi miaka 10, jambo linapita Mkutano Mkuu wa Kijiji hadi kwa Kamishna wa Ardhi. Miradi ya sola ni ya miaka 20 na zaidi. Hakuna mradi wa kweli wa namna hiyo unaomalizwa kwenye kiti cha plastiki uani kwako. Mwambie dalali awalete wenye kampuni ofisi ya kijiji, mtendaji aandike muhtasari, na karatasi iwe ya Kiswahili.

Tumeambiwa ardhi "itahawilishwa" na baada ya miaka 25 tutarudishiwa. Ni kweli? (Msomaji, Ikungi)

Hapa naomba msome taratibu. Kuhawilisha ni kuitoa ardhi kwenye himaya ya kijiji na kuiingiza kwenye ardhi ya jumla. Hufanywa hasa anapokuja mwekezaji wa nje, kwa sababu asiye raia hamiliki ardhi ya kijiji. Sheria inamruhusu kupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Sasa ardhi ikishahama, imehama. Mwekezaji akimaliza au akifilisika, hairudi kijijini yenyewe. Inabaki mikononi mwa serikali, na ninyi mliolima hapo tangu enzi za babu zenu mnaanza kuiomba.

Kisarawe walipitia hayo. Kampuni kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ili kulima mibono ya mafuta. Kufikia 2011 mradi ulikuwa umekufa, na wanakijiji wakabaki bila ajira walizoahidiwa na bila ardhi. Inaniuma kila nikisikia mwenyekiti wa kijiji anasema "mtarudishiwa" bila kuwaonyesha watu yameandikwa wapi.

Nguvu mnayo. Eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri anaamua baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Pigeni hesabu: megawati moja ya sola inachukua kama hekta mbili, yaani ekari tano hivi. Mradi wa megawati 50 ni kama hekta 100. Mradi wa ukubwa huo uko ndani ya uwezo wa mkutano wenu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kusema humo.

Mimi nasema hivi: panapowezekana kukodisha, kodisheni, msihawilishe. Kodi ilipwe mwanzoni mwa kila mwaka na ipande mwaka hadi mwaka, maana shilingi ya leo haitakuwa shilingi ya 2045. Mkataba utaje nani atang'oa vyuma na zege mwishoni, na fedha za kazi hiyo ziwekwe kando tangu mwanzo, kwa sababu kampuni iliyofilisika haina cha kung'olea.

Kama ni serikali inayotwaa eneo, fidia haiishii kwenye bei ya shamba. Kuna mazao na miti, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida itakayopotea. Malipo yakichelewa kupita miezi sita kunakuwa na riba. Mthamini akija, tembea naye mwanzo hadi mwisho. Kisima, mbuyu na kila shina la mzabibu viwe vimeandikwa ndipo utie sahihi kwenye fomu.

Shikamoo. Mume wangu anataka kutoa shamba lote la alizeti kwa watu wa sola. Tulilifyeka pamoja. Nina sauti kweli? (Msomaji, Kongwa)

Marahaba, mwanangu. Unayo. Halmashauri ya Kijiji inatakiwa ikatae uhamisho wa ardhi unaomnyima mwanamke haki yake ya kuitumia ardhi hiyo. Nenda kwa mtendaji mapema, kabla ya kikao, useme kwamba hukushirikishwa, na uhakikishe ameandika. Kama hamjapata hati ya kimila, ile hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, ombeni sasa, majina yenu yote mawili yakae humo. Wakikuzungusha, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, ni watu wa kuwaendea.

Wazee wanasema paneli zitafukuza mvua. (Msomaji, Mpwapwa)

Mvua yetu inaletwa na pepo zenye unyevu kutoka mbali, hasa upande wa Bahari ya Hindi, na shamba la paneli haliwezi kuzirudisha. Joto ni jambo jingine. Utafiti wa Arizona, Marekani, uliochapishwa 2016, ulikuta usiku juu ya paneli kuna joto la nyuzi tatu hadi nne zaidi kuliko kwenye nyika ya jirani. Kwa hiyo kudai nafasi kati ya uzio na nyumba zenu ni haki kabisa.

Eneo wanalolitaka ndiyo malisho yetu. Ng'ombe waende wapi? (Msomaji, Manyoni)

Swali lako ndilo linalosahaulika kuliko yote. Malisho ya pamoja hayana jina la mtu, kwa hiyo ndiyo yanayotolewa kwanza, na fidia ikija mfugaji haonekani kwenye orodha. Dawa yake ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, chini ya Sheria Na. 6 ya 2007. Malisho, njia ya mifugo na lambo vikishaingia kwenye ramani, ni vigumu mtu kusema hilo ni pori tupu.

Ng'ombe kati ya paneli za kawaida ni shida, wanaweza kuzivunja, na mbuzi watapanda juu na kutafuna nyaya. Kondoo wanafaa, na nchi kadhaa wanawalisha humo ili kupunguza nyasi. Hata kilimo kinawezekana paneli zikiinuliwa: majaribio ya Kenya na Tanzania, yaliyohusisha Chuo Kikuu cha Sheffield cha Uingereza, yalionyesha baadhi ya mazao, yakiwemo mahindi na maharage, yanastawi kwenye kivuli kiasi na kuhitaji maji machache zaidi. Kwa ukame wetu, lidaini hilo tangu mchoro wa kwanza, maana nguzo zikishasimikwa chini haziinuliwi.

Mradi ukijengwa kwetu tutapata umeme? Na ajira? (Kijana, Dodoma vijijini)

Si lazima. Umeme wa shamba la sola unapelekwa Gridi ya Taifa, hauteremki kwenye nyumba zilizo kando ya uzio. Kuwashiwa kwenu ni kazi ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na TANESCO, na gharama ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Kama kampuni imeahidi transfoma kwa kitongoji chenu, iingizwe kwenye mkataba pamoja na tarehe ya kuifunga. Na kuhusu ajira ulizouliza: vibarua ni wengi wakati wa ujenzi, baada ya hapo wanabaki walinzi, wafyeka nyasi, wasafisha vumbi na mafundi wachache. Ukiwa na nafasi ya kusomea ufundi umeme VETA, anza sasa kabla nguzo ya kwanza haijasimama.