Kabla hujahamia Windows 11, muulize anayekushauri anatumia mashine gani

Ukimuuliza mtu kama Windows 11 ni nzuri, jibu atakalokupa ni habari za laptopu yake. Sijaona swali la kompyuta linaloleta majibu yanayogongana kama hili. Mmoja anakwambia mashine imekuwa nyepesi, inawaka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Mwingine anaapa kwamba tangu ahamie, akifungua Excel anaweza kutoka kununua vocha na kurudi akaikuta bado inazunguka. Wote wawili wanasema kweli. Wa kwanza ana SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) na ram (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16, wa pili ana diski ya zamani ya kuzunguka na ram ya GB 4, na hakuna aliyekutajia hilo kwa sababu hukumuuliza.

Mimi ni fundi kompyuta Dar es Salaam. Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanaingia na neno moja: "Fundi, nihamie au nibaki?" Siwezi kujibu kabla sijaigeuza mashine na kuiangalia, na nitakachokueleza hapa ni vile vitu ninavyoviangalia.

Kwanza tuondoe hofu. Windows 10 yako haitazimika. Itawaka kesho na keshokutwa, Word itafunguka, muziki utapiga. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure vilivyokuwa vikija kila mwezi. Wadukuzi wakigundua tundu jipya, hakuna wa kukuzibia, isipokuwa umejiandikisha kwenye mpango nitakaoutaja mbele. Anayeona hili ni jambo dogo akumbuke Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani kote, zikiwemo hospitali za Uingereza, na kudai pesa ili yafunguliwe. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Sasa mashine yenyewe. Windows 11 ina masharti, na sharti linalowaangusha wengi ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Kwa upande wa Intel, inataka kizazi cha 8 kwenda juu; kwa AMD, kwa ujumla Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. Kukijua kizazi ni rahisi. Bonyeza kulia kwenye "This PC", ingia Properties, usome jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, basi hicho ni kizazi cha sita, hakimo. i5-8250U ni cha nane, kimo. i5-10210U ni cha kumi, hapo unasoma tarakimu mbili. Biashara imeisha.

Nasisitiza kusoma prosesa kwa sababu laptopu nyingi tunazotumia ni used kutoka Dubai na Ulaya, na muuzaji anakutajia jina la modeli tu. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zina sifa ya kuwa "zinakubali 11", na nyingi kweli zinakubali. Lakini modeli hizo hizo zilitoka pia na prosesa za kizazi cha 7. Kwa nje huwezi kuzitofautisha: gamba lilelile, kibodi ileile, chaja ileile. Ukiwa dukani Kariakoo na pesa mkononi, mwambie muuzaji aiwashe, ufungue mwenyewe usome. Akikwambia "kaka, hizi zote ni sawa tu", rudisha pesa mfukoni.

Upo pia upande wa pili, mashine yenye sifa zote kuambiwa haifai. Hii naiona sana. Mtu ana kizazi cha 8 au cha 10, anaipima kwa programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check, inamwambia hastahili. Anakata tamaa, anaanza kutafuta laptopu nyingine. Mara nyingi tatizo ni kwamba fundi aliyempigia Windows 10 alitumia mtindo wa zamani wa kuwasha mashine uitwao Legacy badala ya ule mpya wa UEFI, au TPM imezimwa kwenye baiosi (mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows). TPM ni kijisehemu cha kutunza funguo za siri. Kwenye mashine za Intel mara nyingi utakikuta kwa jina la PTT, kwenye AMD kinaitwa fTPM. Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, ukubali. Ikisema iko tayari na toleo ni 2.0, upande huo umemaliza. Ikisema haipo, usiamini mpaka uingie kwenye baiosi kuangalia. Kuhusu Legacy, Windows 10 yenyewe ina programu ya mbr2gpt inayobadilisha mpangilio wa diski bila kufuta mafaili, ila kabla ya kuigusa nakili kazi zako kwingine. Hilo sijadili na mteja: kama hana nakala, tunaanza na nakala.

Mashine ikikubali, linakuja swali la wepesi. Microsoft inasema ram ya GB 4 inatosha. Inatosha kuwasha. Kwa mtu anayefungua WhatsApp ya kompyuta, kivinjari chenye kurasa kumi na faili la Excel kwa pamoja, chini ya GB 8 ni mateso. Ila mbaya zaidi ya ram ni diski ya kuzunguka. Fungua Task Manager kwenye mashine ya aina hiyo ikiwa ndiyo kwanza imewaka, utaona diski imegota asilimia 100 na haishuki, na wewe hujafungua kitu. Kwa mtu wa hivyo ushauri wangu ni kununua SSD kwanza, hata kabla ya kuongeza ram. Wapo wateja waliobadilisha diski wakabaki kulekule Windows 10, wakaniuliza kama nimewawekea Windows mpya.

Na malalamiko mengine je? Yapo ya kweli. Windows 11 ilitoka huku upau wa chini huwezi kuuhamishia pembeni au juu kama zamani, na waliozoea kuuweka kushoto walikasirika. Ukibonyeza kulia, menyu imefupishwa. Ulichokuwa unakitafuta kimefichwa nyuma ya "Show more options", kwa hiyo bonyezo moja limekuwa mawili. Vitu vya Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, vimejaa kila kona hata kwa asiyevihitaji. Kwa upande wa mazuri, mhasibu mmoja ninayemhudumia alinung'unika mwanzoni, lakini alipojua kwamba akipeleka kishale kwenye kitufe cha kukuza dirisha anapata mipangilio ya kugawa skrini, benki upande huu na daftari la Excel upande ule, alinyamaza. Mafolda nayo sasa yanafunguka kwa vichupo ndani ya dirisha moja, kama kwenye kivinjari. Haya ni mambo ya mazoea, na mimi siyapi uzito mkubwa kwenye uamuzi wa kuhama.

Ninalolipa uzito ni akaunti. Windows 11 ya Home inapoanza kusanidiwa inataka intaneti na akaunti ya Microsoft. Mteja ameacha laptopu kwa fundi, hapatikani kwenye simu, fundi anataka kumaliza kazi. Anafanyaje? Anaweka barua pepe yake mwenyewe, au anatengeneza ya haraka haraka ambayo kesho haikumbuki. Laptopu inarudi, inafanya kazi vizuri, hakuna anayelalamika.

Shida iko hapa. Ukipiga Windows 11 upya kuanzia toleo la 24H2 (la mwaka 2024) ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, kwenye mashine nyingi diski inasimbwa yenyewe, yaani inafungwa kwa ufunguo wa siri, kimyakimya. Ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye ile akaunti. Siku baiosi ikibadilishwa, au bodi ya ndani (motherboard) ikiguswa wakati wa matengenezo, skrini ya bluu inakudai tarakimu hizo. Ufunguo uko kwenye barua pepe ya fundi ambaye pengine ameshafunga duka, na bila huo ufunguo hakuna fundi wa kukurudishia mafaili, hata awe bingwa. Kwa hiyo: nenda na barua pepe yako na nywila yako, kaa palepale akaunti inapowekwa. Ukifika nyumbani ingia kwenye akaunti kwa simu, tafuta ule ufunguo, unaoitwa wa BitLocker, uuandike kwenye karatasi. Kama ulishahamia na hujui akaunti iliyotumika, ingia Mipangilio sasa hivi uangalie jina na barua pepe iliyopo. Ikiwa si yako, unajua wa kumpigia.

Suala la bando nalo lisikupite. Faili la Windows 11 ni zaidi ya GB 5, na baada ya hapo yanafuata masasisho. Ukitumia hotspot ya simu, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie kwamba mtandao huo una kipimo (metered), vinginevyo utalala na bando la wiki uamke halipo. Nafuu ni kutafuta flashi ya GB 8 au zaidi na sehemu yenye intaneti isiyohesabiwa, ukapakua mara moja na kuitumia kwenye mashine zote za ofisi. Na umeme: laptopu nyingi za used betri zimechoka, zinaishi kwa chaja. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, unaweza kubaki na mashine isiyowaka. Ngoja siku betri inashika chaji, au tumia UPS (betri ya akiba ya umeme).

Kwa wenye mashine ambayo haikubali kabisa, nyumba ya zamani haijabomolewa bado. Microsoft imetoa mpango wa viraka vya nyongeza kwa Windows 10 za watu binafsi hadi 13 Oktoba 2026. Unaweza kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards (zawadi za kutumia huduma za Microsoft), au kuupata bila kulipa kwa kukubali mipangilio yako inakiliwe kwenye akaunti ya Microsoft. Mashine iwe na toleo la 22H2. Bonyeza Windows na R, andika winver uone. Mlango wa kujiandikisha uko kwenye ukurasa wa Windows Update, na wengi hawajaufungua kwa sababu tu hawajui kama upo.

Njia ya kuruka masharti ipo, na vijana wa mjini wanaijua: flashi inatengenezwa kwa programu iitwayo Rufus, ukaguzi wa TPM na prosesa unaondolewa, Windows 11 inaingia. Sitakudanganya kwamba haifanyi kazi. Lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwenye mashine ya namna hiyo, na toleo kubwa la kila mwaka kwa kawaida haliji lenyewe, itabidi urudie zoezi. Kwa zile Core 2 Duo kuukuu, kuanzia 24H2 haiwaki kabisa. Laptopu yako binafsi, sawa, jaribu. Kompyuta ya ofisi yenye mishahara ya watu, hapana. Kwa mwanafunzi mwenye kizazi cha 4 au cha 6 anayeandika na kusoma mtandaoni tu, bora Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Toleo la 22 lina huduma hadi 2029, na halimuulizi TPM. Ila kama maisha yake yanategemea programu moja ya uhasibu ya Windows, asiguse.

Kitu cha mwisho ninachouliza ni kile kinachochomekwa kwenye mashine. Kuna mama mwenye stationeri ninayemhudumia, kazi zake ni kuchapa, kudurufu na picha za pasipoti. Kompyuta yake ilikuwa na Windows 10 ya biti 32 (aina ya zamani, kabla ya biti 64), na printa yake ya zamani ina draiva, programu ya kuiendesha, ya biti 32 pekee. Windows 11 haina toleo la biti 32. Kumhamisha maana yake ni kuiua printa.

"Basi mwanangu niache hivihivi, mimi intaneti siitumii sana."

"Mama, na flashi za wateja?"

Akacheka. Kwa siku anachomeka flashi za kila mtu, za wanafunzi, za madalali, za makanisa. Tukakubaliana mashine ya kupokea flashi na barua pepe iwe laptopu ya kizazi cha 8 aliyokuwa amempa mwanawe, nayo ikapigwa Windows 11. Ile ya zamani imechomolewa mtandao, inachapa tu, na kazi inaifikia kwa flashi moja ya dukani ambayo mteja haigusi.

Ukihamia kwa njia ya kusasisha bila kufuta, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Mipangilio, sehemu ya Recovery, mafaili yako yakiwa salama. Zitumie siku hizo kufanya kazi zako zote za kweli: chapa, skani, fungua programu ya mauzo, unganisha projekta. Na katika siku hizo usikubali mtu akusafishie diski, kwa sababu kitu cha kwanza atakachokiona kikubwa na kukifuta ni folda ya Windows.old, na hiyo ndiyo njia yenyewe ya kurudi.