Fulstaki wa kozi moja, njoo tuongee

Wadogo zangu, nimemaliza kupitia CV za wanaoomba kazi na karibu kila mmoja wenu ni fulstaki, yaani anajenga tovuti upande wa mbele na wa seva pia. React, Node.js, Laravel, Docker, vyote mstari mmoja. Nikauliza swali dogo: ukibonyeza kitufe hiki, ombi linakwenda wapi? "Kwa API," yaani mlango wa kuingilia seva. Halafu? Kimya.

1. Chagua upande mmoja uzame. Kama ni wa mbele, ule anaouona mtumiaji, JavaScript kwanza, React baadaye.

2. Kuzama si kufumba macho. Mimi nilikuwa fundi wa upande wa mbele, tena mwenye maringo. Mambo ya seva niliyaona ya watu wengine. Tukaunganisha duka la mteja na M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom. Nikatuma ombi la STK (lile linalomtokea mteja kwenye simu aweke PIN), jibu likarudi na ResponseCode 0, nikaandika: ikiwa 0, onyesha "Malipo yamepokelewa", funga oda. Nikajaribu kwa simu yangu, nikaweka PIN, shwari. Tukaachia Ijumaa jioni (ndiyo, Ijumaa, msinicheke).

Kumbe ile sifuri inasema ombi limepokelewa tu. Kama mtu amelipa, habari huja baadaye kwenye CallBackURL, anwani ya seva yetu tuliyowapa, seva kwa seva: ResultCode 0 amelipa, 1032 amekataa. Kivinjari hakiioni. Basi mtu anabonyeza "Lipa", anakataa kuweka PIN, tovuti inamshukuru, na bodaboda anaondoka na mzigo. Jumatatu mwenye duka akaja na orodha ya oda na taarifa ya M-Pesa, akaviweka mezani, akanyamaza. Na mwenzangu wa seva alikuwa amezihifadhi zile 1032 vizuri kabisa kwenye jedwali. Yeye alidhani ninalisoma. Mimi sikujua hata kama lipo. Zile oda tulizilipa sisi.

3. Kwa hiyo sikutumi ukajifunze kila kitu. Lifuate ombi moja tu, kutoka kwenye kitufe hadi hifadhidata na kurudi, mpaka uweze kulieleza bila kugugumia. Jua 401 na 403, namba za seva inapokataa ombi, zinatofautianaje. Na kosa la CORS (kivinjari kinapoizuia tovuti kusoma jibu la seva ya anwani nyingine) hurekebishwa kwenye seva. Usiweke kiendelezi kwenye kivinjari chako halafu uniambie imepona. Imepona kwako.

4. Kampuni ndogo zitakutaka ufanye yote, pamoja na kutengeneza printa ya bosi. Nenda, utajifunza mengi. Ila hakikisha kuna jambo moja ambalo wenzako wakikwama, wewe ndiye wanayekupigia simu.

5. Funguo za siri za Daraja haziwekwi GitHub, pale tunapohifadhi msimbo. Kuifuta .env, faili yenye funguo hizo, hakutoshi, bado imo kwenye historia. Omba funguo mpya leo hii. Nimeiona ya mmoja wenu, na mwenyewe anajijua.