Udongo wa misindano haungoji: kwa wewe unayeanza kupima kaboni msituni

Mdogo wangu, kama umepangiwa mradi wa kaboni ya udongo kwenye mashamba ya misindano au misaipresi ya Olmotonyi, West Kilimanjaro au Shume, kaskazini mwa Tanzania, kuna jambo moja nataka ulishike kabla hujabeba koleo: udongo ule ni hai. Bakteria na kuvu waliomo wanaendelea kula na kutoa hewa ukaa hata baada ya kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, njia nzima mpaka maabara. Ubora wa namba utakayoandika kwenye jedwali hutegemea sana ulivyoutunza udongo huo saa za mwanzo, na hakuna mashine itakayokurekebishia hilo baadaye.

Anza kwa kuangalia chini. Piga magoti chini ya msindano uliokomaa, weka fremu ya mbao ya sentimita 25 kwa 25, kisha kata ukingo wake kwa kisu kikali. Juu kabisa utakuta sindano za kahawia ambazo bado ni nzima. Ziinue taratibu: chini yake kuna sindano zilizovunjika, zimeshonwa pamoja na nyuzi nyeupe za kuvu kiasi kwamba zinanyanyuka kama mkeka. Chini zaidi kuna unga mweusi laini ambamo huwezi tena kutambua sindano, ndipo unafika kwenye udongo wenyewe. Kila tabaka lipate mfuko wake. Sindano zina nta, utomvu na lignini (kinachoupa mti ugumu) nyingi, na naitrojeni yake ni haba, kwa hiyo wadudu na vijidudu huzimaliza polepole. Kaboni iliyo kwenye mkeka ule haina maisha sawa na ile iliyoshikwa na madini ya udongo. Ukizikoroga pamoja umepoteza swali lenyewe ulilokuja kuuliza.

Usiweke miti yote ya jamii ya misindano kwenye kapu moja, pia. Msindano huishi na kuvu wanaovika ncha za mizizi yake kwa nje, na baadhi yao wana uwezo wa kumega mboji kutafuta naitrojeni. Msaipresi, mtarakwa na podo hushirikiana na kuvu wa aina nyingine, wanaoingia ndani ya seli za mizizi. Wafanyakazi wa bustani za miche wanaujua umuhimu wa jambo hili kwa mikono yao: huchanganya kwenye viriba udongo uliotolewa chini ya misindano ya zamani, la sivyo miche inadumaa. Ukilinganisha shamba la msindano na msitu wa asili wa mtarakwa, ujue unalinganisha jamii mbili tofauti za kuvu.

Sasa upumuaji wa udongo. Ukifunika ardhi kwa kopo la kupimia, hewa inayotoka hapo imetoka kwa vijidudu, kwa mizizi, na kwa kuvu wanaolishwa na mizizi hiyo. Mwaka 2001 Peter Högberg na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Sweden ya kaskazini, ambako walibandua gome la misonobari (jamii ileile ya misindano) kuzunguka shina, ili sukari kutoka majanini isishuke mizizini. Upumuaji wa udongo ulipungua kwa hadi asilimia 37 ndani ya siku 5, na baada ya mwezi mmoja hadi miwili ukawa umeshuka kwa takriban asilimia 54. Kwa hiyo ukipima msituni bila kutenganisha mizizi, usiandike kwenye ripoti kwamba umepima kazi ya vijidudu peke yao. Pete za plastiki ya PVC, ambazo kopo la kupimia hukaa juu yake, zikae ardhini angalau siku moja kabla ya kipimo cha kwanza, na usizigongomee chini mno, maana mizizi midogo imejaa pale mkeka wa sindano unapokutana na udongo. Pima saa zilezile kila siku.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni unyevu. Miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alionyesha kwamba udongo uliokaushwa ukiloweshwa tena, uozaji unalipuka ghafla na kisha kutulia. Dunia nzima sasa huuita mlipuko huo kwa jina lake, na ulielezwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Ukianika sampuli juani, ukailowesha na kuanza kupima kesho yake, utapata namba kubwa za kupendeza ambazo umezitengeneza mwenyewe. Chekecha udongo ungali na unyevu wake, kwa chekeche ya milimita 2, uutunze kwenye nyuzi 4, kisha uupe kama wiki moja kwenye joto la majaribio kabla ya kuanza kuhesabu. Kwenye udongo wa volkano wa Meru na Kilimanjaro tahadhari inazidi, kwa sababu ukishakauka kabisa haurudii hali yake ya awali hata uumwagie maji kiasi gani.

Huna mashine ya kisasa? Chupa yenye mfuniko usiovuja na kikombe kidogo cha hidroksidi ya sodiamu, inayonasa hewa ukaa itokayo kwenye udongo uliomo, vinatosha. Baada ya muda uliopanga, ongeza kloridi ya bariamu (vaa glovu, ni sumu) na matone ya kiashiria cha fenolfthalini, kisha dondoshea asidi kidogo kidogo ukiipima mpaka rangi ya waridi ipotee. Asidi ikitumika kidogo, maana yake udongo umetoa hewa ukaa nyingi. Weka chupa zisizo na udongo kila mara, kwa kuwa hata hewa ya chumba ina hewa ukaa yake.

Kipimo cha Walkley na Black, kinachokadiria kaboni ya udongo kwa kuiunguza na kemikali, bado kinatumika sana, ila hakiunguzi kaboni yote, na mkaa kinaugusa kidogo tu. Mkaa umejaa kwenye mashamba ya miti yaliyowahi kuchomwa.

Utasoma makala nyingi za milima yenye theluji, kama Niwot Ridge kule Colorado, ambako vijidudu hufanya kazi majira yote ya baridi chini ya blanketi la theluji. Zisome, ila usinakili kalenda yao. Huku panga vipimo kwa masika, kiangazi na vuli. Ukipanda mlima, joto hushuka karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, lakini mvua nayo inabadilika, na mara nyingi umri wa miti pia. Kabla ya kuchagua vituo, kaa na wazee wa shamba la miti uwaulize: kitalu hiki kilivunwa lini, masalia yalichomwa au yaliachwa, wananchi walilima mahindi na viazi kati ya miche kwa misimu mingapi? Majibu yao yaingie kwenye daftari lilelile la vipimo, kwenye ukurasa wa kituo hicho, pamoja na tarehe.