Homa, vipele na kipimo kinachosema sina VVU: niamini kipi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi pikipiki hapa Ngamiani, Tanga. Wiki 3 na siku kidogo zilizopita nililala na mwanamke bila kondomu. Juzi homa imenipanda, koo linauma, vipele vimetoka kifuani na tezi za shingoni zimevimba. Malaria nimepima, hakuna. VVU nimepima kwa kutobolewa kidole, nikaambiwa sina. Je, dalili hizi ni zenyewe? Nyumbani mke wangu ananyonyesha.

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Kwa sasa usiamini kipimo hicho, wala usijihukumu kwa vipele.

Dalili za mwanzo za VVU, zikitokea, mara nyingi huja wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa: homa, koo kuuma, tezi kuvimba, vipele visivyowasha sana kifuani na usoni, vidonda mdomoni, maumivu ya misuli, jasho la usiku, pengine kuharisha. Hukaa siku kadhaa au wiki chache, kisha hupotea zenyewe. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika: alikuwa amemeza dawa za dukani, akapona, akaamini ndizo zilizomponya. Wapo pia wasioona dalili yoyote.

Ulivyonieleza, tarehe zinaoana. Lakini dengi nayo huleta homa na vipele, na mwaka 2019 ilitutembelea hapa Tanga. Virusi vingine vya koo huvimbisha tezi vilevile. Hakuna daktari anayeweza kukuangalia kifua akakwambia hii ni VVU.

Sasa kipimo. Kile cha kidole hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili unatengeneza dhidi yake. Mwili huchukua muda kuwatengeneza: kwa wengi kipimo hiki huanza kuona kati ya siku ya 23 na ya 90. Wewe umepima mlangoni kabisa mwa kipindi hicho. Kipimo cha maabara cha damu ya mshipa kinachotafuta pia antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, huona mapema zaidi, na kile cha vinasaba vya kirusi hutangulia vyote. Uliza hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, kama unaweza kupata kimojawapo. Usipokipata, rudia cha kidole wiki ya 6, na cha kufunga hesabu kiwe baada ya miezi 3.

Dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Wewe umeshapitwa, ila mwenzako mwingine anayesoma hapa asichelewe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni nyumbani. Ikiwa umeambukizwa, wiki hizi ndizo virusi vimejaa mno katika damu na shahawa. Mama akiambukizwa akiwa ananyonyesha, hatari kwa mtoto hupanda sana, hata kama alipopimwa kliniki ya wajawazito alikuwa salama. Kwa hiyo kondomu kila mara, au mjizuie, hadi kipimo cha mwisho. Najua utaulizwa sababu. Mshauri nasaha anaweza kuwasaidia mkizungumza wote wawili, naye mkeo apimwe.

Ukionekana unao, ARV huanza mara moja, hata siku hiyohiyo, na bila malipo. Ukifika hospitalini usiseme "nina homa" tu, utarudishwa na dawa za maumivu. Taja tarehe ya tendo, tarehe homa ilipoanza na tarehe uliyopima.