Wadogo zangu washauri wa ndoa, acheni kuhukumu

Nimeketi pembeni kwenye vikao vyenu hapa Kigoma, nimeyaona yale yale tuliyowakanya waliowatangulia. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Msikieni kila mmoja faragha kabla ya kuwakalisha pamoja. Mkigundua kipigo au hofu, kikao cha pamoja kisimame. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

2. Sisi si Baraza la Usuluhishi. Baraza limepewa kazi yake na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, likishindwa kuwapatanisha linaandika hati ya kwenda mahakamani. Wanaokuja kwetu wamechoka kulala wakipeana mgongo. Hapo ndipo mnaponiumiza.

Chukueni wateja tunaowapata kila mbalamwezi. Wakati wa giza mume yuko ziwani na taa zake, anavua dagaa. Mwezi ukiwaka anarudi, na ugomvi unaanza. Mke anauliza pesa iko wapi, simu ilizimwa kwa nini. Mume kimya. Mke anapaza sauti, mume anavaa kandambili anaelekea kijiweni. Nanyi mnakata shauri: "Baba umekosea, muombe mama radhi." Anaomba. Wanatoka mlangoni mmoja mbele, mwingine nyuma, na nyie mnaandika kwenye faili kwamba wamepatana!

Wamepatana wapi? Yule mama hakuwa na shida ya pesa peke yake. Alitaka kujua kama bado ana nafasi kwa mumewe. Na baba ananyamaza kwa kuogopa kwamba lolote atakalosema litaharibu zaidi. Kadiri mmoja anavyofukuza, mwenzake anakimbia, na kadiri anavyokimbia anafukuzwa zaidi. Wanasaikolojia Sue Johnson na Leslie Greenberg walijenga tiba nzima juu ya mzunguko huo huko Kanada, miaka ya 1980. Waonyesheni mzunguko wenyewe, wausute kwa pamoja. Kisha uliza taratibu: "Mama, kabla hujapaza sauti, moyoni palikuwa na nini?" Halafu nyamaza. Jamani, nyamazeni! Machozi yakianza kumlenga mtu, nyie mnaleta mawaidha.

3. Mtu akipandwa na hasira hasikii. Kwa John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika, wapumzishe walau dakika 20, na anayetoka aseme atarudi saa ngapi.

4. Habari za kitandani msiziulize huku mkitazama karatasi. Maumivu au nguvu kupungua, daktari kwanza, maana kisukari na presha huingia hadi chumbani. Baada ya hapo lipo zoezi la William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa tendo la ndoa wa Marekani, la mwaka 1970: wagusane kwa zamu bila kufanya tendo, mwanzoni matiti na sehemu za siri ziachwe. Kwa aliyerudi kutoka kambi ya uvuvi akidhani mapenzi ni kulipwa deni la majuma, ni zoezi gumu. Mkewe atawashukuru.

5. Miadi pangeni kwa kufuata mwezi. Mteja wa Kibirizi asipotokea Jumanne msiandike "hana nia". Giza limeingia, yuko ziwani.